Upande wa Abiria

Kaka yangu anaitwa Nikeli, na jina hilo hakupewa na mama yetu. Alipewa na mafundi wenzake wa gereji, kwa sababu tangu ujana wake hakuna kitu kilichomchanganya akili kama nikeli za magari ya zamani: bampa, kofia za magurudumu, ukanda mwembamba unaong'aa ubavuni kutoka taa za mbele hadi za nyuma. Mteja akileta gari lililogongwa, wenzake wanauliza kama injini imepona. Yeye anainama kwanza kwenye nikeli, anaipangusa kwa kiganja, anaguna kama daktari aliyeletewa mgonjwa mahututi. Mimi ni dada yake. Nashona viti vya magari kwenye kibanda kilichopakana na gereji hiyo, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasikia kupitia mabati, maana kaka hajui kunong'ona.

Gari ninalolisema lilikuwa lake mwenyewe. Lilikuwa dogo, la milango minne, rangi ya maziwa. Alilipata likiwa bovu akalifufua, na ndilo lililomposea mke, nasema bila kutia chumvi. Wifi yangu wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa kujisikia, na wanaume walimfuata kwa miguu na kwa baiskeli wakachoka. Kaka alikuwa akipita mbele ya shule saa ya kutoka, polepole, kioo kimeshushwa, kiwiko nje, utadhani waziri. Wifi aliniambia baadaye kwamba yeye hakumtazama mwenye gari, alitazama gari. "Nilijiuliza, mwanamume anayetunza chuma hivi, mke atamtunza vipi?" Nikamwambia asijidanganye, chuma hakinuni wala hakidai nguo mpya. Tulitaniana hivyo, mimi na yeye. Miaka ya mwanzo hatukupikika chungu kimoja, tukagombana hadi majirani wakazoea, halafu bila kujua ni lini tukawa ndugu.

Walipooana gari likawa kazi ya wote wawili. Siku za mapumziko kaka aliingia chini ya injini, na wifi alichukua kitambaa laini akasugua nikeli. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Alijua kila mkwaruzo ulitoka wapi na nani wa kulaumiwa. Mimi mwenyewe nililaumiwa kwa mmoja, na hadi leo nakataa.

Kisha lori likawakwangua barabarani. Wao hawakuumia, lakini ubavu wa kushoto wa gari uliraruka na ukanda wake wa nikeli ukaenda na lori. Gari likasukumwa nyuma ya gereji, "kwa muda tu," alisema kaka. Muda wenyewe ukaota majani. Na kwa kuwa kaka yangu ana mkono mwepesi wa kutoa, akaanza kulimega. Mafundi wa magari wana neno lao, kuingiliana. Kifaa cha gari moja kikikaa kwenye gari lingine bila kukatwa wala kulazimishwa, wanasema vinaingiliana. Gari lile lilikuwa na ndugu wengi, kwa sababu kiwanda kilitumia bodi ile ile kutoa pikapu na gari la mizigo na gari la familia, kwa hiyo vifaa vyake viliingiliana na nusu ya magari ya mjini. Mteja akikosa kofia ya gurudumu, kaka anakwenda nyuma anaing'oa. Akikosa kishikio cha mlango, vivyo hivyo. Kila mtu alishukuru, na gari likabaki fuvu.

Wifi alianza kwa kupoteza maneno. Alitaka kijiko akasema "ile ya kukorogea." Tukacheka naye, na yeye akacheka. Baadaye akawa anatoka kwenda shuleni, shule aliyostaafia zamani, tunamrudisha. Halafu asubuhi moja tukiwa tunachambua mchele aliniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa, "Wifi, huyu mzee anayelala chumbani kwangu ni nani?" Nikacheka, nikidhani ni utani wetu. Yeye hakucheka.

Daktari alisema ubongo wake unachakaa na hakuna dawa ya kuurudisha. Alitusihi tusibishane naye, kwani kumbishia ni kumtia hofu bure. Ajabu ni kwamba mimi alinijua. Jina langu lilimtoka, lakini kwamba mimi ni wifi yake hakusahau. Aliyepotea ni mume. Mume aliyebaki kichwani mwake ni kijana mwembamba mwenye nywele nyingi, na huyu aliyekuwa akimletea chai alikuwa na upara na tumbo. Kila alasiri alioga, akavaa gauni lake la kutokea, akakaa kibarazani na mkoba mapajani. Ukimuuliza, anajibu kwa furaha, "Namngoja mume wangu. Anakuja kunichukua na gari." Kaka akimpa kikombe anakipokea kwa mikono miwili: "Asante, mzee. Mungu akuweke." Mtu anabarikiwa na mke wake mwenyewe kama mpita njia. Mimi nilikuwa naingia jikoni nakung'uta sufuria zisizo na kitu, ili kelele zifunike kilio changu.

"Nitamletea hilo gari," kaka akaniambia siku moja. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda changu, mikono ina grisi. "Anamngoja mtu wa gari. Akiniona ndani yake atanijua."

"Kaka, lile ni fuvu."

"Wewe shona viti."

Ningeweza kumwambia kwamba anajitesa. Nina ulimi, na sijazoea kuuweka akiba. Lakini nilinyamaza, kwa sababu hata mimi niliamini. Nilitaka sana iwe kweli, na mtu akitaka jambo namna hiyo huwa hataki mwenzake wa kumwamsha.

Akanyoosha bodi, akachomelea palipooza, akapaka puti na rangi ya maziwa ile ile. Injini ikakubali. Mimi nikashona viti kwa ngozi nyekundu iliyokolea, kama vya zamani. Alasiri gari lilipoingia uani wifi alisimama, akashuka ngazi. Alilizunguka taratibu. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Limefanana nalo, lakini letu lina nikeli." Akapitisha kidole ubavuni, pale pale ukanda ulipokuwa. "Hapa kuna mstari. Mbele mwembamba, nyuma unapanuka. Na kwenye magurudumu kuna kofia, unajiona usoni ukiinama." Akarudi kwenye kiti chake, akaweka mkoba mapajani, akaendelea kungoja.

Mtu mwingine angevunjika moyo. Kaka alitoka pale anatembea kama kijana. "Umemsikia? Anakumbuka kila kitu," akaniambia. "Ni nikeli tu ndizo zimekosekana."

Basi akaanza kuzunguka mjini kuomba vitu alivyovigawa kwa mkono wake. Alikwenda kwa mwenye duka la dawa, akarudi na kofia mbili za magurudumu. Ya tatu ilikutwa uani kwa mama mmoja inanywesha kuku, na yule mama hakukubali kuitoa hadi apelekewe bakuli lingine. Ya nne haikupatikana, akachukua ya pikapu, inaingiliana. Shoo ya mbele, ule wavu wa nikeli ulio kati ya taa, ilitoka kwenye gari la mizigo lililokuwa limeoza hadi magurudumu kuzama ardhini. Herufi za jina la gari, zile za nyuma, alizikuta kwa seremala, amezipigilia misumari kwenye mlango wa duka lake kama urembo, tena zimepangwa kichwa chini miguu juu. Kila jioni kaka alirudi nyumbani na kitu kimefungwa kwenye gazeti, na uso wake ulikuwa unarudi ujana. Nilimtania kwamba ni yeye anayewekewa nikeli, si gari.

Kikabaki kitu kimoja, ukanda wa ubavu wa kushoto, ule ulioondoka na lori. Pikapu hazina ukanda, magari ya mizigo hayana. Unatoka kwenye gari la familia peke yake, na hayo yaliyobaki mjini ubavu wa kushoto ulikuwa umeliwa na kutu au umegongwa. Mtu akamwelekeza kwa muuza vyuma chakavu wa mji wa mpakani, safari ya siku nzima kwa basi. Mafundi humwita Bwana Vyuma. Kaka akampigia simu mbele yangu.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja. Kwenye gereji yetu hakuna anayesema kushoto na kulia. Fundi mmoja amesimama mbele ya gari, mwingine nyuma, kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule, na kazi imeharibika. Kwa hiyo tunasema upande wa dereva na upande wa abiria, basi, hakuna ugomvi. Kwetu usukani uko kulia, abiria wa mbele anakaa kushoto. Kaka akamwambia Bwana Vyuma anataka ukanda wa upande wa abiria. Yule akajibu anao, safi, haujapinda hata kidogo. Kaka akaruka na simu mkononi.

Tulingoja mzigo ule wiki baada ya wiki. Wifi aliendelea kuoga na kuvaa, lakini sasa siku nyingine alivaa gauni kinyume, siku nyingine alisahau mkoba. Kaka akawa anauchungulia uso wake kila asubuhi, kama mtu anayekagua ukuta wenye ufa. Mzigo ulipofika, umezongwa magunia, aliufungua kwenye meza yangu ya kukatia ngozi. Ukanda ulikuwa mzuri kweli. Ulikuwa wa upande wa kulia.

Akapiga simu pale pale. "Nilikwambia upande wa abiria."

"Na mimi nimekutumia upande wa abiria," sauti ikajibu, imetulia, nikaisikia vizuri.

"Abiria wa wapi anayekaa kulia?"

"Wa huku, ndugu yangu. Haya magari yangu yanatoka ng'ambo ya mpaka. Usukani wao uko kushoto."

 Kaka aliishusha simu akaketi juu ya tairi. Alijaribu kuugeuza ule ukanda juu chini, lakini una mdomo mwembamba wa kumwagia maji chini, na ukiugeuza mdomo unaangalia mbinguni. Nikamwambia auweke hivyo hivyo, nani atakayeona.

"Yeye ataona," akasema.

Akaamua kwenda mwenyewe, auchague wa kushoto kwa mkono wake. Nikamkataza. Nilimwambia mgonjwa haachwi na mtu aliyemzoea, hata kama anamwita mzee. Kwa maana wifi alikuwa amemzoea huyo mzee. Alikuwa anamkumbusha avae sweta. Alikuwa anamwekea kipande cha mkate, anakifunika na kisahani, anasema, "Hiki cha mzee wa watu, hana mke." Mimi nilikiona kile kisahani kila siku na nilijua kina thamani gani. Kaka naye alikijua. Lakini hakutaka kuwa mzee wa watu, alitaka kuwa mume. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile, na bado nilimkasirikia.

Alikwenda. Kule, Bwana Vyuma mwenyewe alikuwa safarini, ikabidi kaka amngoje, akilala kwenye benchi la ofisi yake. Huku nyumbani wifi alifunika mkate siku ya kwanza. Siku ya pili aliuangalia mkate kwa muda mrefu, mkono umeshika kisahani, kama anayejaribu kukumbuka kinafanya nini. Kisha akaula.

Kaka aliporudi, ukanda umeviringishwa kwenye blanketi begani, alipiga hodi mlangoni kwake mwenyewe. Wifi alimfungulia. Akamtazama kuanzia juu hadi chini, akalitazama lile furushi, akageuka kuniita.

"Wifi, kuna mtu hapa. Mwambie leo hatununui kitu."

Kaka alisimama pale nje na ukanda wake. Macho yake yaliniuliza, nami nikainamisha uso. Baada ya hapo akawa analala kwenye kibanda changu, juu ya viti vya wateja, kwa sababu kila alipoingia chumbani wifi alitetemeka na kujifunga shuka hadi shingoni. Alikuwa na kidogo akakiacha aende kutafuta kikubwa. Sasa hakikubaki ila gari.

Aliufunga ule ukanda kibanio baada ya kibanio, hakutaka msaada wa mtu. Uliingia bila kulazimishwa. Siku ya kupeleka gari alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akapaka rangi zile nywele chache zilizobaki pembeni. Nikamwambia amejipaka dawa ya viatu. Akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha zamani kabisa. Nilitangulia nyumbani kumvalisha wifi gauni lake, nikampa mkoba wake, nikamkalisha kibarazani.

Gari likaingia. Wifi akasimama kabla halijazimwa. Alishuka ngazi kwa haraka hadi nikamkimbilia nikihofia ataanguka. Akaweka kidole mbele, pale ukanda unapoanza mwembamba, akakipitisha taratibu hadi nyuma unapopanuka. Akainama kwenye kofia ya gurudumu akajitazama. Akaanza kulia huku anacheka.

"Ndilo," akasema. "Wifi, ndilo lenyewe. Nilikwambia atakuja."

Kaka alikuwa kwenye usukani, hajathubutu kushuka. Alijinyoosha akamfungulia mlango wa mbele kutoka ndani. Wifi akainama, akachungulia. Akamtazama usoni, na mimi nilikuwa nimejishika mdomo kwa mikono yote miwili. Alimtazama kwa makini sana, kwa upole. Kisha akaurudisha ule mlango taratibu, akafungua wa nyuma, akaingia, akaweka mkoba mapajani. Mwanamke akipanda gari la mumewe hukaa mbele. Nyuma hukaa mtu aliyetumiwa dereva.

"Amekutuma?" akauliza.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika mabega nimtikise, nimwambie, ni huyu, mtazame tena, ni huyu. Kaka aliniona kwenye kioo, akatikisa kichwa kidogo sana.

"Ndiyo, mama," akasema. "Amenituma."

"Mbona hakuja mwenyewe?"

"Kazi zimembana, mama."

"Ndivyo alivyo. Akishika chuma hasikii la mtu." Akasogea, akanipigia kiti kwa kiganja. "Wifi, panda twende kwake."

Nikapanda, nikakaa kando yake kwenye ngozi niliyoishona mwenyewe. Kaka aliendesha kwa mwendo wa kubembeleza, akapita mbele ya shule, akapita sokoni, akapita gereji, na wifi kila mahali alichungulia dirishani akimtafuta. Njiani alimsimulia dereva habari za mumewe. Kwamba hajui kuimba na anaimba. Kwamba akiwa na njaa anakuwa mkali lakini akila anaomba radhi. Kwamba hajawahi kumwinulia mkono wala sauti. "Ukimwona utampenda," akasema. Kaka alijibu kila neno, "Ndiyo, mama," na sauti yake haikutetemeka hata mara moja. Mimi niliyekuwa nyuma yake niliona kola ya lile shati jeupe inavyolowa machozi yaliyochanganyika na rangi ya nywele.

Jua lilipoanza kupoa wifi akachoka. Akamgusa dereva begani.

"Wewe una mke?"

"Ninaye, mama."

"Yuko nyumbani?"

"Yuko."

"Basi geuza gari, unirudishe. Usimweke mwenzio akingoja. Mimi najua kungoja kulivyo. Huyu wangu tutamtafuta kesho."

Kaka akageuza gari. Uani alishuka, akazunguka, akamfungulia mlango wa nyuma, akampa mkono wa kumsaidia kushuka. Wifi akaushika, akasimama wima, akajinyoosha gauni.

"Asante, dereva. Umfikishie mkeo salamu zangu."

"Zimefika, mama," akasema kaka.